Somo: Joto na Baridi katika Karakana ya Nyumbani – Tuanze na Paa Kabla ya Mashine



Ifikapo Septemba na Oktoba hapa Tabora, fundi hahitaji kuelezwa maana ya joto. Mvua bado hazijaanza, anga halina wingu, na kibanda cha bati kinakuwa kama tanuri kuanzia saa 6 mchana. Fundi cherehani anaacha kitambaa na kutoka nje kujifuta jasho. Seremala anaweka randa chini. Mteja aliyeahidiwa kazi yake Ijumaa anaambiwa arudi Jumatatu. Halafu inakuja miezi ya Juni na Julai. Asubuhi vidole vina ganzi, mlango unafungwa ili baridi isiingie, na mtu anafikiria kuingiza jiko la mkaa ndani.

Katika vikundi vya kuweka na kukopa swali hili hujitokeza mara kwa mara: je, fundi akope fedha anunue feni? Au ajibane anunue kiyoyozi? Somo hili limeandaliwa ili kumsaidia fundi anayefanya kazi nyumbani kwake, awe na karakana, gereji ndogo au chumba kimoja tu cha cherehani, afanye uamuzi wenye faida.

Baada ya somo hili tunatarajia msomaji ataweza:

(a) kueleza joto la karakana yake linatoka wapi;
(b) kupanga hatua za kulipunguza, akianza na zile zisizo na gharama;
(c) kupiga hesabu ya umeme kabla ya kununua mashine;
(d) kujilinda na hatari ya mkaa na jenereta ndani ya chumba.

1. JOTO LINATOKA WAPI?

Watu wengi husema, "Hewa ya leo ni ya moto." Ni kweli, lakini si kweli yote. Fanya jaribio hili dogo. Saa 8 mchana, siku ya jua kali, simama chini ya mwembe kwa dakika kumi. Kisha ingia katika karakana yako, simama katikati, uinue mkono juu ya kichwa kuelekea bati. Utasikia mkono unachomwa kama ulioelekezwa kwenye jiko. Hewa ya chini ya mwembe na hewa ya mtaani ni ileile. Kilichobadilika ni kile kilichoko juu ya kichwa chako.

Mji wa Tabora uko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Machi kwa kawaida kuna mawingu na mvua. Mwezi Oktoba anga mara nyingi ni jeupe, kwa hiyo paa hupokea jua lote. Bati lililopigwa na jua la mchana linaweza kupita nyuzi joto 60, hata kama hewa ya nje ni nyuzi 32 tu. Bati hilo nalo humwaga joto lake chini, juu ya kichwa na mabega ya fundi, mchana kutwa.

Kuta nazo zina zamu yake. Asubuhi jua hupiga ukuta wa mashariki, jioni ukuta wa magharibi. Ukuta wa magharibi ndio wenye matatizo zaidi, kwa sababu unapigwa na jua wakati hewa yenyewe imekwisha kupata moto. Kuta za kaskazini na kusini hupata jua kidogo, na paa lililotokeza vizuri huzikinga kwa urahisi.

Kuna pia joto linalotoka ndani: pasi, mashine ya kuchomelea, mota, jiko la gundi, na miili ya watu wenyewe. Hili ni dogo ukililinganisha na la paa, lakini likikosa njia ya kutokea hukusanyika.

Basi tukumbuke mpangilio huu: paa kwanza, ukuta wa magharibi pili, joto la ndani tatu. Anayenunua feni bila kugusa paa anapuliza hewa iliyopashwa na paa lake mwenyewe.

2. WALIOTUTANGULIA WALIFANYAJE?

Tabora ni mji wa njia panda. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia hapa Unyanyembe, na waliojenga hapa walijenga bila feni wala bati. Tunaweza kujifunza mambo matatu kutoka kwao.

La kwanza ni tembe. Kule Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ipo nyumba ya aina hiyo iliyohifadhiwa kama makumbusho. Henry Morton Stanley na David Livingstone walifika hapo pamoja Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani, na Livingstone akabaki hadi Agosti mwaka huo akisubiri wapagazi. Tembe ya zamani ilikuwa na kuta nene za udongo, na paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo. Udongo mnene hupata joto polepole. Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30 hivi huchelewesha joto la mchana kwa saa kadhaa, na linapofika ndani, jua limekwisha kuchwa na hewa ya nje imepoa. Kwa nchi kama yetu, ambako usiku wa kiangazi hupoa sana kuliko mchana, jambo hili lina manufaa makubwa. Bati halina subira hiyo. Dakika chache baada ya jua kutoka, nalo limepata moto.

La pili ni miti. Miembe tunayoiona Tabora na Ujiji inahusishwa na njia ile ya misafara. Kivuli cha mti ni bora kuliko kivuli cha turubai, kwa sababu jani hutoa mvuke wa maji na halipati moto kama turubai lililoanikwa juani.

La tatu ni saa za kazi. Wapagazi wa Kinyamwezi walianza safari alfajiri na mara nyingi walikuwa wametua mzigo kabla ya adhuhuri. Mtu anayebeba mzigo mzito kwa wiki nyingi hujua kwamba jua la saa 7 halina faida. Fundi wa leo naye anaweza kupanga kazi ngumu kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 5, akaacha kazi nyepesi kama kupima, kushona vifungo na kupiga msasa kwa mkono zifanyike mchana chini ya mti au barazani. Hatua hii haina gharama hata shilingi moja.

3. HATUA ZA KUPUNGUZA JOTO

Hatua ya kwanza: Fungua usiku, funga mchana wa jua kali

Hili linafaa kwa karakana yenye kuta nene za tofali. Fungua madirisha usiku, yakiwa na nondo na wavu, ili kuta zipoe. Asubuhi hewa ya nje inapoanza kupata moto, funga upande unaopigwa na jua. Kwa kibanda cha mabati pande zote njia hii haisaidii. Hicho kinahitaji kuwa wazi muda wote.

Hatua ya pili: Punguza jua linaloingia kwenye bati

Bati lenye kutu hunywa jua kuliko bati jipya, na bati jipya hunywa jua kuliko bati lililopakwa rangi nyeupe. Rangi nyeupe ya nje inayoshika kwenye bati hurudisha sehemu kubwa ya jua angani. Jambo hili limejaribiwa penye shida kubwa kuliko yetu. Mji wa Ahmedabad nchini India ulipigwa na wimbi la joto mwaka 2010, na watu wengi wakafa. Mwaka 2013 mji huo ukaanzisha mpango wa kukabiliana na joto, na mwaka 2017 ukaanza kupaka rangi nyeupe paa za nyumba za watu wenye kipato cha chini. Kama rangi inasaidia huko, ambako joto hupita nyuzi 40, hapa kwetu haiwezi kukosa faida.

Zingatia mambo haya. Safisha bati na kwangua kutu kabla ya kupaka. Chokaa ni rahisi, lakini kwenye bati haishiki vizuri na mvua huisomba. Kama unakinga maji ya mvua kwa matumizi ya nyumbani, uliza dukani upate rangi isiyo na madini ya risasi, na uache mvua za kwanza zipite kabla ya kukinga. Na usipande juu ya paa wakati wa jua kali wala peke yako.

Hatua ya tatu: Weka dari

Dari hukata joto linalomwagika kutoka kwenye bati. Si lazima iwe silingi bodi ya gharama. Jamvi au mkeka wa ukindu, au mianzi iliyopasuliwa, husaidia sana. Acha nafasi kati ya dari na bati, angalau shubiri moja, na acha matundu pande zote mbili ili hewa ya moto iliyoko katikati itoke. Dari isiyo na matundu hufunika joto badala ya kuliondoa.

Tahadhari: Majamvi, mikeka na makaratasi hushika moto. Viroba vya plastiki ni hatari zaidi, maana huyeyuka na kudondosha matone yanayowaka. Anayechomelea vyuma au kutumia msumeno wa kukata chuma asiweke dari ya namna hii. Cheche moja inatosha. Huyo atumie bodi isiyoshika moto, au afanyie kazi nje chini ya banda lililo wazi pande zote. Kumbuka pia mchwa wetu wa Tabora. Kagua mianzi na miti kila baada ya miezi michache.

Hatua ya nne: Itafutie hewa njia mbili

Hewa ya moto hupanda juu. Ikikosa tundu la kutokea hubaki chini ya paa na kushuka hadi usawa wa kichwa. Karakana inahitaji tundu la chini ambako hewa baridi inaingia, na tundu la juu ambako hewa ya moto inatoka. Wakati wa kiangazi upepo wetu hutoka zaidi mashariki na kusini mashariki. Kwa hiyo ni vizuri dirisha la kuingiza hewa liwe upande wa kusini au mashariki, na matundu ya juu yawe upande wa pili, karibu na paa. Kabla ya kuvunja ukuta, funga kipande cha uzi au utepe mwepesi mahali unapotaka kufungua, uangalie upepo unakoelekea kwa siku kadhaa. Majengo ya jirani huweza kuugeuza.

Dirisha moja peke yake halileti upepo. Hewa haiingii mahali isipoweza kutoka.

Hatua ya tano: Kivuli cha upande wa magharibi

Ongeza baraza, banda la makuti au nyasi, au panda mti. Mwarobaini hukua upesi kuliko mwembe. Panda mbali kidogo na jengo ili mizizi isisumbue msingi na matawi yasianguke juu ya bati wakati wa upepo wa mvua za kwanza. Kwa anayejenga upya, jengo refu lielekezwe mashariki na magharibi, yaani ncha zake fupi ndizo zipokee jua la asubuhi na jioni, na madirisha yawe kaskazini na kusini.

4. SASA TUZUNGUMZE MASHINE

Feni. Feni haipoozi hewa. Inapuliza hewa juu ya ngozi ili jasho likauke, na kukauka kwa jasho ndiko kunakoupoza mwili. Kwa hiyo kuiacha inazunguka katika chumba kisicho na mtu ni kupoteza umeme. Kwa seremala, feni inayopuliza kutoka mbele humrushia vumbi la mbao machoni na kifuani. Iwekwe nyuma yake, vumbi lisukumwe kuelekea mlangoni, na barakoa bado ivaliwe. Kwa fundi cherehani, feni ya mezani iliyowekwa chini, ikipuliza miguu na mgongo, haitapeperusha kitambaa.

Kiyoyozi. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hupooza hewa ileile iliyoko ndani. Hakileti hewa mpya kutoka nje. Ndiyo maana kinadai chumba kilichofungwa. Seremala, mpaka rangi na fundi magari wanahitaji chumba kilicho wazi ili vumbi, mvuke wa rangi na moshi vitoke. Kwao kiyoyozi hakifai, hata kama fedha ipo. Chujio litaziba kwa vumbi, na mvuke utabaki kifuani mwao. Kinaweza kumfaa fundi wa simu au kompyuta katika chumba kidogo chenye dari, tena baada ya kupiga hesabu ifuatayo.

Hesabu ya umeme. Yuniti moja ni umeme wa wati 1,000 kwa saa moja. Angalia wati zilizoandikwa kwenye mashine, zidisha kwa saa za kazi na siku za mwezi, kisha gawanya kwa 1,000.

Feni ya wati 60, saa 8 kwa siku, siku 26:
60 x 8 x 26 = 12,480; yaani yuniti 12 na nusu hivi kwa mwezi.

Kiyoyozi kidogo cha wati 1,000, saa 8 kwa siku, siku 26:
1,000 x 8 x 26 = 208,000; yaani yuniti 208 kwa mwezi.

Ni kweli kiyoyozi hupumzika chumba kikishapoa. Tuseme kinafanya kazi nusu ya muda tu: bado ni yuniti 104. Chini ya bati tupu kisilo na dari hakitapumzika. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya yuniti unayolipa wewe kwenye LUKU. Yuko pia mtu aliye katika kundi la matumizi madogo ya nyumbani, la D1. Katika bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, kundi hilo lililipa shilingi 100 kwa yuniti hadi yuniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila yuniti iliyozidi. Bei hubadilika, lakini funzo linabaki: kiyoyozi kimoja kinaweza kuitoa nyumba nzima kwenye nafuu hiyo. Uliza ofisi ya TANESCO ya eneo lako kabla ya kusaini mkopo. Na kama utakinunua, fundi umeme mwenye leseni akifungie waya wake peke yake. Usikichomeke kwenye waya mrefu wa kuunganisha.

Maji. Kiangazi chetu ni kikavu, kwa hiyo kitambaa chenye maji kilichoning'inizwa dirishani panapoingia upepo hupooza hewa kidogo. Hakifai mahali penye mbao, vyuma au mashine za umeme, na mvua zikianza hakina kazi tena. Mtungi wa udongo barazani una manufaa zaidi. Fundi anywe maji mara kwa mara, asingoje kiu.

5. WAKATI WA BARIDI: HATARI ISIYO NA HARUFU

Baridi ya Tabora si ya kuua. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 15 hivi, na jua likipanda baridi imekwisha. Kinachoua ni dawa tunayoitumia dhidi ya baridi hiyo.

Mkaa unapowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mkaa uliokolea vizuri, mwekundu, usiotoa moshi hata kidogo, bado unaitoa. Mtu akiivuta, gesi hii hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Damu ikishajaa gesi hiyo, mwili unakosa hewa ingawa mtu anapumua. Kwanza kichwa kinauma, halafu kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, kisha usingizi. Anayesinzia hapo anaweza asiamke.

Kwa mafundi, gesi hii huingia kwa njia tatu:

– Jiko la mkaa lililoingizwa ndani ili kupata joto asubuhi, au kuyeyushia gundi.
– Pasi ya mkaa. Fundi cherehani anayepiga pasi mfululizo huku mlango umefungwa ameinamia moto huo kwa saa nyingi. Hata kama mkaa uliwashiwa nje, unaendelea kutoa gesi ndani.
– Jenereta au injini ya gari au pikipiki inayowaka ndani ya gereji. Umeme ukikatika, jenereta huingizwa ndani ili isiibiwe au isinyeshewe. Hili ni kosa kubwa. Iwe nje, umbali wa mita 6 au zaidi kutoka mlango na dirisha, na moshi wake uelekee upande usio na nyumba.

Dalili hizi zinafanana na malaria, na hapa ndipo watu hupotea. Fundi mwenye maumivu ya kichwa na kichefuchefu hununua dawa ya malaria na kurudi katika chumba kilekile. Jiulize maswali mawili: Je, wote waliomo chumbani wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja? Je, maumivu hupungua mtu akikaa nje na kurudi akiingia? Kama jibu ni ndiyo, shuku moto au injini. Malaria haingoji mtu aingie karakana.

Basi tufanyeje baridi ikija? Vaa sweta na soksi. Weka gunia au ubao chini ya miguu, maana sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili. Fungua dirisha la mashariki ili jua la asubuhi liingie, na ziba nyufa za upande wa upepo bila kufunga matundu ya juu. Anza na kazi inayouchangamsha mwili. Pasi ya mkaa itumike barazani, au kati ya mlango na dirisha vilivyo wazi. Jiko la gundi likae nje, mbali na petroli, thina na rangi. Na mtu yeyote asilale katika karakana yenye jiko, hata lililokwisha kufifia.

6. KILA KAZI NA MAHITAJI YAKE

Seremala: Kivuli na upepo wa pembeni kwa mbao pia. Mbao za mninga zilizo mbichi zikianikwa juani hupasuka. Zipangwe kivulini, zitenganishwe kwa vipande vyembamba ili hewa ipite. Kabati lililotengenezwa wakati wa mvua kwa mbao mbichi litalegea viungo Septemba.

Fundi cherehani: Dari, dirisha la pande mbili, feni ndogo. Pasi barazani.

Mchomeleaji vyuma: Banda lililo wazi, paa la juu, sakafu ya udongo au saruji. Asiwe na mikeka wala viroba karibu.

Fundi magari na pikipiki: Milango miwili inayotazamana. Injini iwashwe nje.

Fundi simu na kompyuta: Dari na rangi nyeupe kwanza, kisha feni. Kiyoyozi kije mwisho, kama hesabu inakubali.

7. HUDUMA YA KWANZA

Aliyezidiwa na joto: Mpeleke kivulini, legeza nguo, mmwagie maji mwilini na mpepee. Kama ana fahamu, mpe maji kidogo kidogo. Kama anachanganyikiwa, anadegedega au amezimia, usimpe kitu mdomoni. Endelea kumpooza huku mkimkimbiza hospitali.

Aliyevuta gesi ya mkaa au jenereta: Fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, wala usikae ndani kuzima moto kwanza, usije ukaanguka nawe. Mpelekeni hospitali hata kama ameamka, na mwelezeni mganga kwamba alikuwa karibu na mkaa au injini. Bila kuambiwa hivyo, mganga anaweza kutafuta ugonjwa mwingine.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Fanyeni jaribio la mkono chini ya bati katika karakana za wanakikundi watatu. Ipi ina joto zaidi, na kwa nini?
2. Ni hatua zipi kati ya tulizotaja zinaweza kufanyika mwezi huu bila mkopo?
3. Mwanakikundi anaomba mkopo wa kiyoyozi. Ni maswali gani kamati imwulize kabla ya kuidhinisha?
4. Je, kuna mtu katika kikundi anayepiga pasi ya mkaa au kuwasha jenereta ndani? Mtamsaidiaje kuhamisha moto huo wiki hii?
5. Kama kikundi kingenunua rangi nyeupe kwa pamoja, paa za nani zianze?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mafundi wetu ufa uko juu ya kichwa, na Oktoba itaukuta pale pale. Swali la nne lisingoje kikao kijacho. Lishughulikieni leo.